Kibopa wa Jumamosi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kijino alikuwa na kazi moja ambayo ilikuwa yake peke yake: kupekua mifuko. Mama yake alikuwa dobi. Chumba chao kilikuwa chini kabisa ya jengo la ghorofa nne, upande wa nyuma, karibu na mabomba ya maji, na nguo za nusu ya wapangaji wa jengo lile zilipita mikononi mwao. Mama aliloweka, akafua, akatia wanga, akapiga pasi. Kijino alipekua. Alitoa funguo, risiti, peremende zilizoyeyuka, na siku moja jino la bandia la mzee wa ghorofa ya nne, lililofungwa ndani ya leso kwa heshima zote. Kila kilichopatikana kiliwekwa ndani ya kopo la mwenye nguo.

"Mfuko usiopekuliwa ni ugomvi unaokungoja," mama alipenda kusema. "Kalamu moja tu, mwanangu, na shati la mtu limekwisha. Halafu utamwambia nini?"

Mama hakuandika majina kwenye nguo. Alishona uzi mfupi wa rangi ndani ya pindo: mwekundu wa muuguzi, wa kijani wa mwalimu wa chekechea, mweupe wa wakili, wa njano wa Mama Dawa, yule mwenye duka la dawa aliyekaa ghorofa ya kwanza. Kwa miaka tisa nyuzi zile hazijawahi kuchanganyika, wala soksi moja haijawahi kupotea. Na yeyote aliyewahi kufua soksi za watu anajua kwamba hilo si jambo dogo.

Kijino alipewa jina hilo kwa sababu meno yake yaliota mapema, hata kukaa hajajua. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, ana akili za kutosha na nguo mbili. Moja ilikuwa sare ya shule. Ya pili ilikuwa gauni la nyumbani lenye maua yaliyofifia kiasi kwamba mgeni asingejua kama ni maua au ni madoa.

Muhula ule shule ilianzisha masomo ya ziada ya Jumamosi, na ili sare zipate kufuliwa, wanafunzi waliruhusiwa kuja na nguo za nyumbani. Kwa wengi hiyo ilikuwa habari njema. Jumamosi ya kwanza Kijino alivaa gauni lake la maua. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akauliza kwa sauti kama lile ni gauni au ni dekio lililopewa likizo. Darasa zima liliangua kicheko, na Kijino naye akacheka, kwa sababu ukichekwa halafu ukanuna, utachekwa mara mbili. Lakini aliporudi nyumbani alilia mpaka kwikwi zikamshika.

Jumamosi ya pili mama alitoka mapema, kwani siku hiyo ya juma alikuwa akienda kufua mashuka ya zahanati na kurudi alasiri. Kwenye kamba ya ndani ilining'inia blauzi ya muuguzi, imepigwa pasi, inangoja kupelekwa Jumapili. Muuguzi alikuwa mwanamke mwembamba, mwili kama wa mtoto. Kijino aliitazama blauzi ile, akajiambia ni kwa saa chache tu. Aliitia ndani ya begi, akabadilisha chooni kule shuleni, na mama aliporejea blauzi ilikuwa imekwisha kupanguswa, kupigwa pasi na kurudishwa kwenye henga yake. Hakuna aliyejua lolote.

Mwizi siku ya kwanza hutetemeka. Siku ya nne huchagua. Kijino asingekubali kuitwa mwizi, maana alirudisha kila kitu. Lakini kuchagua alichagua. Alivaa sketi ya mwalimu wa chekechea, kizibao cha wakili, kisha nguo za binti wa Mama Dawa, msichana wa rika lake aliyesoma shule ya bweni na kuacha nguo zake zikifuliwa kila alipoondoka. Jumamosi ya saba alivaa gauni la samawati la msichana huyo, lenye vifungo vinavyong'aa na mfuko uliojificha ubavuni.

Siku hiyo mwalimu wa Kiingereza, mtu mfupi mwenye sauti ndefu, aliingia darasani akisugua viganja.

"Leo tunavua Kiingereza cha suti," alisema, "tunavaa Kiingereza cha kandambili. Misemo ya mitaani. Misemo ya utajiri na wingi wa mali!"

Akawa anaandika ubaoni kwa Kiingereza na kueleza kwa Kiswahili. Mtu mwenye fedha nyingi, alisema, Waingereza humwambia anagaagaa ndani yake. Husema pia ana fedha za kuchoma moto. Kitu kikimzidi mtu, husema kinamtoka masikioni. Na vitu vikiwa vingi kupita kiasi, husema ni vingi kuliko unavyoweza kuvitikisia fimbo.

"Mwalimu, mali yako mwenyewe unaitikisia fimbo ya nini?" aliuliza mvulana aliyeitwa Redio, kwa sababu hakuwa na mahali pa kumzimia.

"Hilo kawaulize wenyewe. Sisi tunasemaje?"

Mikono iliinuka kila upande. Tajiri wa kutupwa! Ana pesa kama mchanga! Anakula kuku kwa mrija!

"Huyo kuku," Redio alisema, "mifupa inapitaje kwenye mrija?"

"Ukiwa nazo, Redio, yupo mtu wa kukutolea mifupa," mwalimu alijibu, na darasa likacheka mpaka madawati yakagongana. Kijino alicheka pia. Daftari lake lilikuwa limejaa, hivyo akaandika misemo yote kwenye kipande cha karatasi, akakikunja mara nne na kukitia mfukoni.

"Sasa nipeni mfano wa mtu wa kweli," mwalimu akasema. "Mtu mnayemfahamu."

"Mtu huyo tunaye humu humu," Redio alidakia. "Kijino! Tangu aanze, hajarudia nguo hata Jumamosi moja. Huyu ndiye anayegaagaa, mwalimu!"

Vichwa viligeuka. Yule msichana wa dawati la nyuma, yule wa dekio, alimtazama kwa macho mapya kabisa, macho ya kuomba urafiki.

"Ni kweli, Kijino?" mwalimu aliuliza akitabasamu.

Palikuwa na upenyo hapo wa kusema kweli. Ulikuwa mdogo, lakini ulikuwepo. Kijino aliuona, akauacha ujifunge.

"Nyingine bado hata sijazivaa," alijibu.

Ulikuwa uongo uliovalishwa nguo za ukweli, na hizo nazo zilikuwa za kuazima. Darasa lilimpigia makofi. Kabla kengele haijalia alikuwa amekwisha kubatizwa jina jipya: Kibopa.

"Vizuri sana," mwalimu alisema. "Siku ya wazazi tutaigiza misemo hii, na tajiri wetu tumempata. Tena hatuna haja ya kuazima mavazi! Kibopa, Jumamosi ijayo kwenye mazoezi uje na gauni hilo hilo. Na mama yako tutamkalisha mstari wa mbele."

Kijino alirudi nyumbani akiwaza. Jumamosi ijayo gauni litakuwa limekwisha kurudi kwa mwenyewe. Na mama, mstari wa mbele, atamwona mwanawe jukwaani ndani ya nguo ya mteja. Alikuwa bado anapiga pasi aliposikia kikohozi cha mama kule mabombani. Mama alikuwa amerudi mapema. Kijino alilitundika gauni haraka haraka, akaizima pasi, akakimbilia beseni la vyombo. Mpekuzi hodari wa mifuko ya watu, siku hiyo wake hakuukumbuka.

Jumanne, Kijino alikuwa nyuma ya mashuka yaliyoanikwa ndani, akikunja soksi, Mama Dawa alipoingia bila hodi. Mkononi alikuwa na gauni la samawati.

"Karibu, mama. Karibu ukae," mama alisema akimvutia kiti.

"Mama Kijino, sikuja kukaa. Nakuuliza, na uniambie kweli. Nguo zangu nikikuletea, zinavaliwa na nani?"

"Zinavaliwa? Mama, kwangu nguo haivaliwi. Inafuliwa."

"Nasikia wako madobi wanaokodisha nguo za wateja wao."

Mama alinyooka. Nyuma ya mashuka, Kijino aliacha kupumua.

"Mama, miaka tisa umenijua. Mimi ni maskini, sikatai. Lakini naapa kwa mwanangu, huyu mmoja niliye naye, hakuna nguo ya mtu iliyotoka mlango huu ikiwa mwilini mwa mtu mwingine. Hakuna!"

"Basi hiki ni nini?" Mama Dawa alikunjua kipande cha karatasi. "Nilikuwa namfungia binti yangu nguo za kumpelekea shuleni, nikakikuta mfukoni. Binti yangu hajakanyaga hapa tangu mwezi uliopita. Kimeandikwa kwa Kiingereza, sikiliza maana yake: anagaagaa ndani ya fedha. Fedha za kuchoma moto. Zinamtoka masikioni. Ni mwandiko wa mtoto wa shule huu, au na wewe siku hizi unasoma Kiingereza?"

Mama aliipokea karatasi. Aliitazama kwa muda mrefu, mrefu mno kwa mtu asiyejua Kiingereza. Kisha akaikunja kama ilivyokuwa, mara nne, akaishika kiganjani.

"Unaona? Huna la kujibu," Mama Dawa alisema, na sauti yake sasa ilikuwa na huzuni kuliko hasira. "Nilikuwa nakusifu kwa watu, kwamba dobi wangu ni mwaminifu. Nipe nguo zangu."

"Nyingine bado zina maji, mama."

"Nipe hivyo hivyo."

Aliondoka na furushi linalochuruzika, na matone yake yakabaki sakafuni mpaka mlangoni. Kijino alibaki nyuma ya mashuka, soksi mkononi. Alitaka kutoka. Hakutoka. Mama angeuliza tu, "Uko wapi?", labda angejitokeza, lakini mama hakuuliza. Alichukua dekio, akayafuta yale matone, akarudi kwenye beseni.

Ngazi za jengo la ghorofa hazina siri. Jumatano wakili alituma mtu kuchukua mashati yake. Alhamisi mwalimu wa chekechea alikuja mwenyewe, akasema ni kwa muda tu, huku akitazama ukuta. Kamba ziliachwa wazi, moja baada ya nyingine. Zamani Kijino alilalamika kwamba chumba kimejaa nguo mpaka hewa hakuna. Sasa kilikuwa karibu kitupu na bado hakuweza kupumua. Kila alipogeuka aliona kamba tupu, na kila kamba ilimwambia kwamba ni yeye.

Alijaribu kusema. Jumatano alianza, "Mama..." na mama akageuka upesi sana, akamtazama kana kwamba alikuwa anangoja jambo. Kijino akaogopa, akasema, "Sabuni imekwisha." Alhamisi alisema chumvi imekwisha. Ijumaa hakukuwa na kitu kingine cha kusema kimekwisha. Usiku huo usingizi ulimpaa, akiwaza kiapo cha mama. Mama alikuwa amemshika yeye kama ushahidi wa ukweli, na yeye ndiye aliyekuwa uongo wenyewe. Akisema, mama ataumia. Akinyamaza, mama ataisha. Kila upande palikuwa na ukuta.

Jumamosi alivaa gauni lake la maua yaliyofifia. Hakukuwa na jingine, na hata kama lingekuwepo, mikono yake isingeligusa.

"Haa! Kibopa kafilisika!" mtu mmoja alipiga kelele alipoingia darasani.

"Gauni la samawati liko wapi?" mwalimu aliuliza. "Leo si tunafanya mazoezi?"

Kijino alisimama mbele ya darasa, ameinamisha kichwa. Redio, ambaye moyoni hakuwa mtoto mbaya, aliona rafiki yake amekwama akamrushia kamba ya kumwokoa.

"Lazima limepelekwa kwa dobi, mwalimu! Matajiri hawafui wenyewe."

Darasa lilicheka, kicheko cha upole. Mwalimu naye akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa rahisi sana. Neno moja tu, "Ndiyo," na angepata wiki nyingine nzima. Kijino alifungua kinywa alitamke, akaona mbele yake mama akifuta matone sakafuni.

"Mama yangu ndiye dobi," alisema.

Kicheko kilikatika.

"Nguo zote zile ni za watu. Mama anazifua, mimi nikawa naziiba Jumamosi na kuzirudisha. Mama hakujua. Sasa watu wanasema yeye ndiye anayezikodisha, wamechukua nguo zao, na mimi nimekaa kimya tangu Jumanne. Mimi sina kitu. Nina gauni hili tu."

Machozi yalimtoka, na kamasi pia, maana kilio cha kweli hakichagui. Hakuna aliyecheka. Msichana wa dawati la nyuma aliangalia vidole vyake. Hata Redio alizimika.

Mwalimu aliweka chaki chini. "Umefanya jambo gumu, Kijino. Lakini hayo uliyotuambia sisi, yuko anayestahili kuyasikia kabla yetu. Chukua begi lako uende."

Alikimbia mpaka zahanati. Nyuma ya jengo, uani, mama alikuwa akianika mashuka meupe. Kijino alisimama mbele yake akihema, akayasema yote kwa mkupuo mmoja: dekio, blauzi, sketi, kizibao, Kibopa, karatasi. Mama aliendelea kuanika. Alinyoosha mkono tu, na Kijino akampa kibanio, kisha kingine, mpaka shuka likashika kamba vizuri.

"Nilijua tangu Jumanne," mama alisema hatimaye.

"Ulijua?"

"Kiingereza sikijui, lakini mkono wako naujua. Nimeutazama ukijifunza kuandika, kwenye meza yangu ya pasi."

"Sasa mbona hukusema? Mbona ulimwacha Mama Dawa akutukane?"

Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Macho yake yalikuwa mekundu, na haikuwa sabuni. "Nilikuwa nimekwisha kuapa kwa jina lako, Kijino. Nilipoishika karatasi ile niliona aibu mpaka ulimi ukaganda. Halafu nikasema, ngoja. Nikimvuta kwa sikio, ataungama kwa kuogopa sikio. Nilitaka uje kwa miguu yako. Kila jioni nilikungoja, wewe ukaniambia sabuni imekwisha."

Kijino alipiga magoti palepale kwenye matope ya maji ya sabuni. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Sasa inuka, twende."

"Wapi?"

"Kwa wenye nguo."

"Kwa Mama Dawa?"

"Kwa wote uliovaa nguo zao."

Kijino alishtuka. "Lakini mama, muuguzi hajui kwamba niliivaa blauzi yake! Bado analeta nguo zake. Tukimwambia..."

"Huyo ndiye wa kwanza," mama alisema, akajifuta mikono.

Kila mlango mama alibisha hodi, kisha akasogea nyuma hatua moja, akamwacha Kijino mbele. Muuguzi alisikiliza akiwa ameshika kitasa. Kijino alipomaliza, muuguzi alisema polepole kwamba blauzi ile alinunuliwa na marehemu mama yake, na kwamba hakuna mwingine aliyewahi kuivaa. Hakufoka. Alisema asante kwa kumwambia, ila kuanzia siku hiyo angefua mwenyewe. Mlango ukafungwa.

"Umeona, mama?" Kijino alinong'ona huku akilia. "Tungenyamaza, tusingempoteza."

"Tungenyamaza, tungekuwa tunamfulia mtu huku tunamdanganya usoni. Amekasirika, na ana haki. Panda ngazi."

Wakili aliwauliza maswali kana kwamba wako mahakamani. Kizibao kilivaliwa mara ngapi? Tarehe gani? Kilikaliwa au kilisimamiwa tu? Kijino alijibu yote mpaka jasho likamtoka, na mwishowe wakili akasema kesi imefungwa, mashati yataletwa Jumatatu. Mwalimu wa chekechea ndiye aliyelia kuliko wote. Alimkumbatia mama, akaomba msamaha kwa kuamini maneno ya ngazini, akaenda ndani kutafuta nguo chafu, na alipozikosa akavua aproni aliyokuwa amevaa akaitoa hiyo.

Mlango wa Mama Dawa ukabaki wa mwisho. Kijino alitamani ngazi zingeongezeka, lakini ghorofa ya kwanza ilifika upesi.

Mama Dawa aliwasikiliza amekunja mikono. Hakumkatiza hata mara moja. Kisha akauliza, "Mama yako alikuwa anajua?"

"Hapana. Alijua ulipompa karatasi. Aliutambua mwandiko wangu."

Mama Dawa alimgeukia mama. "Na ukanyamaza? Ukaniacha nikuite mwongo mbele ya jengo zima, na mwenye kosa unaye mwenyewe?"

"Ni mwanangu, mama. Nilitaka nimlete mwenyewe amesimama, nisimlete nimemburuta."

Mama Dawa alitazama sakafu kidogo. Aliingia ndani, na aliporudi alikuwa amebeba lile furushi la Jumanne. Harufu yake ilimtangulia. Nguo zilikuwa zimefungwa mbichi siku nne, na zilikuwa zimevunda.

"Nilipeleka kwa dobi mwingine," alisema. "Nikafika mlangoni pake nikashindwa kumwachia. Nilisimama pale na kuanza kuhesabu shati moja moja, gauni moja moja, nikaona nitazihesabu tena siku ya kuzichukua, na nitahesabu kila wiki mpaka nife. Nikarudi nazo. Wewe sijawahi kukuhesabia." Alilitoa furushi, lakini hakumpa mama. Alilitia mikononi mwa Kijino. "Chukua wewe."

"Mimi?" Kijino aliuliza.

"Wewe. Si ndio sasa namjua anayeshika nguo zangu?"

Walishuka ngazi polepole. Furushi lilikuwa zito na lilinuka, na Kijino alilikumbatia kifuani kama vile lingevunjika. Walipofika chini, mama alisimama kando ya mabomba.

"Umemsikia yule mama?" aliuliza. "Hakuhesabu. Mtu akikukabidhi kitu chake asihesabu, amekupa kikubwa kuliko hicho kitu. Mimi sina duka, sina shamba, sina nyumba. Mali yangu yote ni hiyo, kwamba watu huacha nguo zao mlangoni kwangu wakaenda zao wakiwa na amani. Nimeikusanya miaka tisa. Wewe ulikuwa ukiichukua kila Jumamosi kwenda kununulia makofi ya watoto wenzako. Mali ya namna hiyo, mwanangu, ikitoka haiazimwi popote. Umeona muuguzi."

"Nimeona, mama."

"Na gauni lako hilo la maua, ukienda nalo jukwaani siku ya wazazi, mimi nitakaa mstari wa mbele nikiwa nimeinua kichwa. Nitalipiga pasi kwa mkono wangu."

Kijino alitikisa kichwa kukubali, kidevu kikiwa juu ya nguo zile zilizovunda.

"Haya," mama alisema, akashika pembe moja ya furushi ili wasaidiane. "Tukaziloweke kabla jua halijashuka. Mwenyewe anazingoja."